Namna ya kumuaga mzee aliyeitumikia klabu ya kriketi bila malipo

Ndugu, umeeleza kwamba klabu yenu ya Nairobi inataka kumzawadia saa ya ukutani mzee ambaye tangu ujana wake amewaandikia alama, akatunza pichi (ule ukanda wa katikati ya uwanja ambako mpira hurushwa na kupigwa) na kupanga ratiba bila kulipwa, na ambaye sasa macho yamedhoofu. Unauliza kama hiyo inatosha. Kwa maoni yangu, haitoshi.

Anzeni na madaftari yake ya alama. Mwandishi wa alama hurekodi kila mpira wa kila ova, yaani kila fungu la mipira sita inayorushwa, na zamu ya kupiga inapokwisha, mikimbio (ndiyo alama za kriketi) ya wapigaji pamoja na ya ziada, isiyotokana na gongo la mpigaji, lazima ilingane na jumla ya timu. Kosa moja likijitokeza, hurudi nyuma mpira kwa mpira mpaka alipate. Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 ulimwengu mzima ulishuhudia, ilhali mechi nyingi za ligi zinazolea wachezaji zimebaki kwenye karatasi kama hizo tu. Zipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, naye akiwa kando yenu akiwatajia majina.

Tena, msimwondoe ghafla. Mpeni vijana wawili wa kukaa naye msimu mzima, kwa sababu kujua pichi imwagiliwe lini, na rola, lile gurudumu zito la kushindilia, ipitishwe udongo ukiwa na unyevu kiasi gani, hufundishwa uwanjani.

Kuhusu sherehe, muulizeni kwanza anavyopenda, na mwalikeni pamoja na familia yake, ambayo imemkosa nyumbani wikendi nyingi kwa ajili yenu.