VPN imewashwa, mbona ramani bado inanionyesha nipo Mbagala?

Habari mkuu. Nimekuelewa: VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali) inasema upo Uholanzi, lakini ramani inakuweka Mbagala na matangazo ya viatu ulivyotafuta juzi bado yanakufuata.

VPN yako haijaharibika. Kuhusu mahali ulipo, inachobadilisha ni anwani ya IP tu, yaani namba inayokutambulisha kwenye intaneti. Ramani haihangaiki na hiyo, inasoma GPS ya simu pamoja na Wi-Fi za majirani.

Anza na ruhusa. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Mahali, uone programu zipi zimeruhusiwa. Mimi nilikuta tochi (tochi jamani!) inasoma mahali nilipo muda wote. Nikaifuta palepale, simu yenyewe ina tochi yake.

Matangazo ni kesi nyingine. Kama umeingia kwa akaunti yako ya Google, hata ukijifanya upo Amsterdam wanajua ni wewe yuleyule. Zima historia ya shughuli kwenye akaunti, halafu tafuta sehemu ya Matangazo kwenye mipangilio ufute kitambulisho cha matangazo. Yatakuja tu, ila hayatakujua sana.

Mtandao wako wa simu nao unaona mnara uliokushika, na laini umeisajili kwa alama za vidole. Hapo VPN haigusi kitu.

Hiyo VPN ni ya bure? Mwenye nayo anaona tovuti unazotembelea, kwa hiyo ningeanza kumtilia shaka yeye kabla ya ramani.