Jibu: Tumchague nani awe mzungumzaji mkuu?

Dada yangu, swali lako nimelisoma nikiwa kwenye feri ya Likoni asubuhi, nikacheka peke yangu hadi jirani akanitazama. Umesema mmepewa kazi ya kuandaa kongamano la siku mbili la teknolojia ya maktaba hapa Mombasa, watu 120 hivi, wazungumzaji wakuu wawili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga. Mezani kuna majina 14 na kila mjumbe wa kamati ana mtu wake. Mfanyeje?

Nimekaa kwenye kamati kama hiyo mara tatu. Ya kwanza tuliharibu. Ya pili tukaharibu kwa njia nyingine. Ya tatu ndiyo naweza kuisimulia bila kuinamisha uso, kwa hivyo niazime sikio.

Orodha hiyo ya majina iwekeni kando kwanza. Sisemi majina ni mabaya, huenda yote ni ya watu wa maana. Mushkili ni kwamba yamekuja kabla ya wakati wake. Mkianza na majina mtajadili heshima za watu: fulani ni profesa, fulani aliwahi kuwa mkubwa wetu, fulani tusipomwalika atanuna. Hakuna atakayeuliza huyo mtu anakuja kusema nini.

Ndivyo ilivyotupata mara ya kwanza. Tulimchagua mtu kwa cheo chake, tukamkatia tiketi ya ndege, tukamlaza hoteli ya ufukweni Nyali. Asubuhi ikafika, projekta ikawaka, na slaidi ya kwanza ikatokea na jina la kongamano jengine, mji mwengine, mwaka uliopita. Hata aibu hakuona. Alituhubiria saa nzima juu ya maktaba za kesho zitakazoendeshwa na roboti, na mbele yake wamekaa wakutubi ambao umeme ukikatika hurudi kuazimisha vitabu kwa daftari na kalamu. Watu walipiga makofi, maana sisi ni watu wa adabu. Nilipowauliza wiki mbili baadaye alisema nini, wa kwanza alinijibu, "Alikuwa na suti nzuri."

Mara ya pili tulikosa pesa, na mwenye njaa hachagui. Kampuni moja iuzayo mifumo ya maktaba ikatudhamini kwa sharti kwamba mtu wao ndiye atakayefungua. Tukakubali. Alitumia dakika 45 kutuonyesha vitufe. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, mstaafu wa maktaba, akasema kwa sauti ya kusikika hadi safu ya mbele: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao sibanduki: jukwaa la mzungumzaji mkuu haliuzwi. Mdhamini apewe meza yake karibu na chai, apewe hata kikao chake mchana kilichoandikwa waziwazi kwamba ni cha mdhamini, na hili liingie kwenye barua ya makubaliano kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa. Wengine wataondoka. Kwetu aliondoka mmoja, wawili wakabaki.

Sasa mara ya tatu. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Alitukataza kutaja jina la mtu yeyote kwa wiki mbili. Badala yake kila mjumbe aandike swali moja linalomkera kazini, swali analolala nalo. Mimi niliandika hivi: tangu 2009 nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zatua papa hapa Mombasa, basi mbona msomaji wa Likoni hawezi kutazama kwa simu kama kitabu anachotaka kipo, hadi apande feri, apande matatu, afike aambiwe kimeazimwa? Mwengine aliandika: seva yetu, ile kompyuta inayohifadhi rekodi zote, ikifa usiku wa leo, kesho tutaanzia wapi? Mwengine alilalamikia majarida ya kielektroniki yanayolipiwa kila mwaka na wanafunzi hawayafungui. Na kijana mmoja wa Mji wa Kale akaandika: maandishi ya mababu zetu ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yanapigwa picha kila siku, je, hizo picha zinabaki kwa nani?

Tukayapeleka maswali hayo kwa waliojiandikisha wayapigie kura. Langu lilishindwa vibaya, sitaki kulizungumzia. Yalishinda la seva na la maandishi. Baada ya hapo majina yalikuja yenyewe, na hakuna hata moja lililokuwamo katika orodha tuliyokuwa tukiibishania miezi miwili kabla ya katazo lile.

La seva tulimpa mkutubi wa chuo kidogo cha bara ambaye hajawahi kusimama mbele ya kongamano. Maktaba yake ilipoteza katalogi nzima, yaani orodha ya vitabu vyote, na rekodi za uazimaji kwa sababu nakala ya akiba ilikuwa ikihifadhiwa ndani ya mashine ile ile iliyokufa. Walikaa miezi wakiandika upya kutoka kwenye daftari la kusajilia vitabu, mstari kwa mstari. Alikataa mara mbili, akisema yeye si mtu wa hotuba. Mwenyekiti alimpigia simu mwenyewe akamwambia, "Mwanangu, hotuba hatuitaki. Njoo utueleze ile siku."

Alikuja na slaidi tatu tu. Moja ilikuwa picha ya ile diski. Alieleza alivyoingia asubuhi, alivyodhani ni waya umelegea, alivyompigia fundi, fundi alivyonyamaza kwenye simu. Alitaja kosa lake kwa jina lake, hakumsukumia mtu. Halafu akaeleza wanavyofanya sasa: nakala moja ndani ya jengo, moja nje ya jengo, na kila mwezi mtu mmoja anajaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyengine kuona kama inafunguka. Hapo ndipo niliposikia jasho. Sisi tulikuwa na nakala, lakini kuirejesha tulikuwa hatujajaribu hata siku moja. Chai ilipotangazwa hakuna aliyekimbilia mahamri, watu walimzunguka pale mbele. Nami Jumatatu niliingia ofisini nikajaribu kuirejesha yetu. Faili ilikuwa tupu. Miezi minne tulikuwa tukihifadhi hewa kila usiku saa sita, na mfumo unatuandikia kwamba kazi imekamilika.

Ndiyo maana nawaambia: katika kila jina litakalotajwa, ulizeni huyu amefanya nini kwa mikono yake, na amekosea wapi. Asiye na la kukosea huwa hajafanya, au hataki kusema, na wote wawili watawalaza usingizi ukumbini.

La maandishi tulimpa mzee wa Mji wa Kale ambaye si mkutubi kabisa. Hapa kamati ilipandisha sauti kidogo. "Ataongea nini na watu wa kompyuta?" Nikawakumbusha kwamba muundo wa MARC, ambao tunaandikia rekodi za vitabu vyetu kwenye kompyuta hadi leo, ulisukwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, naye aliingia pale kama mwandishi wa programu, ukutubi hakuusomea. Na Koha, programu ya kuendeshea maktaba ambayo nusu ya tuliokuwa mezani tunaitumia, haikutoka chuo kikuu chenye jina. Ni maktaba za wilaya ya Horowhenua kule New Zealand zilizoitaka mwaka 1999, mfumo wao wa zamani ulipokuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000. Waliiita koha, neno la Kimaori la zawadi. Basi cheo si kipimo.

Mzee alizungumza Kiswahili, tena cha Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Alianza na Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu huu aliyefariki karibu mwaka 1840. Akaeleza kwamba mashairi yake yangepotea na vifo vya waliokuwa wakiyahifadhi kichwani, kama si Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kumwandikia mmishonari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na makaratasi hayo leo yako London, chuoni SOAS. Akasema anawashukuru waliotunza. Halafu akawauliza watu wa kompyuta: mnapokuja nyumbani kwangu na skana, mnaondoka na picha, mimi nabaki na karatasi inayoliwa na mchwa. Mjukuu wangu akitaka kuisoma ile picha, ataomba ruhusa kwa nani? Ukumbi ulinyamaza. Kijana mmoja wa programu alisimama akaanza kueleza leseni huria, zile ruhusa za kila mtu kutumia kazi, akakaa chini kabla hajamaliza.

Kuhusu kura, najua wapo watakaowaambia waacheni washiriki wamchague mtu moja kwa moja. Inawezekana. Code4Lib, jumuiya ya watu wa kompyuta za maktaba kule Marekani, ambayo kongamano lake la kwanza lilikuwa Corvallis, Oregon, mwaka 2006, hupendekeza na kuwapigia kura wazungumzaji wake wakuu, na mtindo huo umedumu. Lakini wale ni watu wanaojuana kwa kazi, wanaosomana mwaka mzima. Kwetu, nikiwa mkweli, kura ya majina itaamuliwa na kampeni za WhatsApp. Chuo chenye wafanyakazi 40 kitampitisha bosi wao, na mkutubi wa shule ya msingi kule Kisauni hatasikika. Kama lazima mpige, pigieni kura maswali, au muachie washiriki nafasi moja na kamati ibaki na ya pili. Na yeyote anayependekeza jina aandike mistari miwili: huyu nimemsikia mwenyewe wapi, na nilifanya nini baada ya kumsikia. Sharti hilo peke yake lilitufutia nusu ya mapendekezo.

Jambo jengine, nalo ni ugonjwa wetu Wakenya: msimchanganye mgeni rasmi na mzungumzaji mkuu. Mgeni rasmi anakuja kwa itifaki, anafungua, anapigwa picha, anaondoka, na si kosa lake, ana mikutano mengine. Mara ya pili ile, wetu alitarajiwa saa tatu, akafika saa tano na robo na msafara wake. Tulimngoja sote kama harusi inayomngoja kadhi. Mzungumzaji aliyetoka Kampala kwa ajili yetu (huyu alikuwa wa kufunga, tukamsogeza mbele ili kujaza pengo, halafu tukamkatiza mgeni alipoingia) aliishia na dakika 12. Safari zote hizo kwa dakika 12! Sasa sisi huanza saa tatu kamili na mzungumzaji mkuu, awepo nani asiwepo nani. Mgeni rasmi tunampa nafasi kabla ya chakula cha mchana. Akichelewa, watu wanakula. Na hakuna aliyewahi kulalamika, hata wageni wenyewe, maana wanakuta ukumbi umejaa.

Malipo. Hapa naomba mniwie radhi, nina kidonda. Wa nje tunampa tiketi, hoteli na bahasha. Wa hapa tunampa cheti na kikoi. Yule mkutubi wa bara tulimlipa sawasawa na ambavyo tungemlipa wa ng'ambo, na kulikuwa na mjumbe mmoja aliyeuliza kwa nini. Ikiwa pesa ni chache, gawanyeni uchache huo sawa.

Yaliyobaki ni ya kiutaratibu, nayapita mbio. Zungumzeni na mtu kwa simu dakika 20 kabla ya barua rasmi, na msikilize zaidi kama anauliza ukumbi utakuwa na nani. Anayeuliza atajiandaa. Barua iseme lugha, dakika, malipo, na kama atarekodiwa. Akitoka nje ya nchi mkumbusheni mapema, tangu Januari 2024 Kenya inataka kibali cha safari cha kielektroniki badala ya viza, ingawa raia wa nchi nyingi za Afrika hawakihitaji. Akitoka Nairobi kwa treni ya SGR, hesabuni na muda wa kutoka kituo cha Miritini hadi mjini, msije mkampokea jukwaani na begi mkononi. Epukeni Desemba, hoteli zinapanda bei. Na wekeni mtu wa akiba anayeishi kisiwani, ambaye anajua kwamba ni wa akiba na amekubali bila kinyongo.

Umeniomba pia nitazame yale majina 14. Nimeyatazama. Kumi siwajui, kwa hivyo sina neno. Watatu ni watu wa kazi, ila sijui mnataka waje kujibu swali gani. Na yule wa nne kutoka juu, kama ndiye ninayemdhani, mpigieni simu mumuulize kwa upole kama ana slaidi mpya.