Maswali Yenu: Nataka kusomea nyota, mzee anataka niwe nesi

SWALI: Habari dada, mimi ni binti nimemaliza kidato cha nne, nipo Mbeya. Mwaka 2016 nikiwa darasa la pili tulipelekwa Rujewa kuangalia jua lilivopatwa likabaki kama pete, toka siku ile akili yangu yote ipo huko juu. Mzee anasema hiyo sio kazi, bora niende unesi. Je kuna njia kweli kwa mtu wa huku? Lazima niwe na darubini? Na je kuvaa miwani kutanizuia?

JIBU: Mdogo wangu, njia ipo ila ni ndefu, nakwambia mapema ujipange. Na mzee wako ana hoja, hapa nyumbani kazi za astronomia ni chache sana, karibu zote ni za kufundisha na utafiti vyuoni, kwaiyo usimbishie kwa kumwambia zipo tele. Mwambie hivi: ninachoenda kusoma ni fizikia, hesabu na kompyuta, nikikosa kazi ya nyota naweza kufundisha, naweza kwenda mamlaka ya hali ya hewa, benki, makampuni ya simu, maana kote huko wanatafuta mtu anayejua kuchambua data.

Wengi wanadhani wataalamu wa nyota wanakesha jicho likiwa kwenye darubini, siku hizi sio hivo. Pale Sutherland, Afrika Kusini, kuna darubini inaitwa SALT, kioo chake kina upana wa kama mita 11, mtafiti anaweza kuwa nchi nyingine kabisa, anaandika maombi anataka kiangaliwe nini, waliopo pale wanaangalia usiku alafu yeye anatumiwa data anakaa nazo miezi kwenye kompyuta. MeerKAT ndo kabisa, ni madishi 64 kule Karoo, Afrika Kusini hiyohiyo, yanapokea mawimbi ya redio toka angani, mchana hadi usiku, na kwenye mradi wa SKA, wa kujenga darubini kubwa zaidi ya redio, yanaongezewa mengine yafike 197. Hapo kuna kazi za mainjinia, mafundi umeme na waandika programu pia, sio za maprofesa tu.

Sasa njia yenyewe. Kidato cha tano chagua PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Kisha digrii ya fizikia, UDSM au UDOM, miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Nairobi wana digrii ya astronomia yenyewe, ila mimi ningekushauri fizikia kwanza, inakuachia milango mingi wazi na hesabu zake utazihitaji tu. Baada ya hapo angalia NASSP, programu ya masomo ya anga pale Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, ilianza 2003, inawachukua watu wa fizikia na hesabu inawahamishia kwenye masomo ya anga hadi masta, kisha ndo PhD. Ukijumlisha kuanzia kidato cha tano ni zaidi ya miaka kumi na skolashipu utazihangaikia kweli kweli, kwaiyo maksi za hesabu zisishuke hata kidogo.

Mzee akisema haya ni mambo ya wazungu mwambie setilaiti ya kwanza duniani kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei ilirushwa toka pwani ya Kenya karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru mana ilikua siku ya uhuru wa Kenya. Na hapa kwetu Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefundisha watu mambo ya anga miaka mingi.

Darubini usinunue, hiyo hela weka kwenye bando. Miezi hii ya kusubiri shule anza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni bure, na ingia tovuti ya Zooniverse ambako watu wa kawaida wanasaidia watafiti kupanga picha za magalaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, nayo ni bure. Usiku toka nje na Stellarium, app ya ramani ya nyota, kwenye simu ujue majina ya unachokiona, Mbeya kuna giza zuri ukitoka mjini kidogo. Miwani haina shida kabisa, picha zinapigwa na kamera na wewe utazisoma kwenye kompyuta.