Herufi Zina Kwao

Assalamu alaykum wasomaji wetu. Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu fonti, yaani mitindo ya herufi za kuchapia, na mimi nimefurahi manake hili jambo nalipenda tangu utotoni, kwa hivo msinilaumu nikijibu moja kwa urefu na jengine kwa mkato.

*Bi Mhariri, nina saiba ndogo hapa Langoni, Lamu, naprinti kadi za harusi na barua za watu. Kwenye kompyuta naona Helvetica, alafu kuna Helvetica Light na Helvetica Bold, sa hizo ni fonti moja ama tatu? Na haya majina yanatoka wapi, mteja akiniuliza nabaki kimya.*

Ndugu yangu, hizo ni mtu na nduguze. Baba mmoja, mama mmoja, ila huyu kanenepa, huyu kakonda, na yule kalala ubavu. Helvetica ilichorwa Uswisi mwaka 1957 na Max Miedinger akiongozwa na Eduard Hoffmann, ikiitwa Neue Haas Grotesk, ndo mwaka 1960 ikapewa jina linalotokana na Helvetia, jina la Uswisi kwa Kilatini. Mwaka huohuo wa 1957 ikatoka Univers ya Adrian Frutiger, huyo yeye alipanga ukoo mzima kabla ya kuanza kuuza, ndugu 21, na badala ya majina akawapa namba, 55 ndo wa kawaida na 56 ni huyohuyo 55 aliyelala.

Lakini kitu nataka ukijue kwa kazi yako ni hiki, kila ndugu ana mchoro wake mwenyewe. Ukibonyeza kile kitufe cha B na yule ndugu mnene hayuko ndani ya kompyuta yako, programu inaichukua ile ya kawaida inainenepesha kwa nguvu, na matokeo yake utayaona kwenye karatasi, vitundu vya a na e vinaziba wino, jina la bibi harusi linakuwa kama limemwagikiwa na chai. Na herufi za mlazo, hizo zilizolala, pia hivohivo. Chukua fonti ya Garamond uandike a ya kawaida, utaona ina kipaa juu yake, alafu chukua ile ya mlazo, kipaa hakuna, ni duara na mkia tu kama vile sisi tunavyoandika kwa kalamu. Sio ile ya kwanza imesukumwa ikainama, ni herufi nyengine kabisa, manake herufi za mlazo zilizaliwa kwenye mwandiko wa watu. Francesco Griffo ndie aliyezichonga, na Aldus Manutius akachapa nazo kitabu kule Venice mwaka 1501. Kwa hivo kabla hujaprinti angalia ukoo umekamilika, na kama haujakamilika tafuta fonti nyengine, usiilazimishe.

*Mimi naandika majina ya mashua hapa Matondoni, kazi nimefundishwa na ami yangu. Juzi mwenye mashua kanambia herufi zangu ni za kizamani, ati nitoe fonti kwenye simu niige. Niliumia. Hivi herufi zetu haziwezi kuwa fonti?*

Kijana wangu, zinaweza, na hili jibu lisome mpaka mwisho kisha umsomee na ami yako.

Hizo fonti za kwenye simu unazoambiwa uige, nyingi zimetoka kwa watu kama wewe. Kuna moja inaitwa Gotham, hata kampeni ya Obama ya mwaka 2008 iliitumia, sa muulize huyo mwenye mashua kama anajua imetoka wapi. Tobias Frere-Jones aliichora mwaka 2000, na aliitoa kwenye maandishi ya kuta za majengo ya New York, likiwemo lile la stendi ya mabasi ya Port Authority, herufi ambazo hazikuwa kazi ya wasomi wa fonti, ni kazi ya mafundi waliotaka zisomeke kwa mbali. Alikuwa anatembea mitaa ya Manhattan na kamera anapiga picha kila bango analoliona. Na Gill Sans, ambayo Waingereza wameitumia mpaka wamechoka, ilianzia kwenye kibao cha duka la vitabu mjini Bristol, Eric Gill alikiandika kwa mkono wake mwaka 1926 na mwaka 1928 fonti ikatoka. Kibao cha duka tu, ndugu yangu! Mwalimu wake Gill ni Edward Johnston, ambae mwaka 1916 alitoa herufi za treni za chini ya ardhi za London, na ukiitazama i yake nukta ya juu sio duara, ni ya pembe nne imesimama kwa ncha, manake Johnston alikuwa mtu wa kalamu pana na kalamu pana ukiigandamiza mara moja tu inaacha alama hiyo. Ikumbuke hiyo nukta, nitairudia chini.

Alafu kuna suala la brashi. Roma kuna nguzo ya mfalme Trajan, ya mwaka 113, imechongwa herufi chini yake ambazo watu wanaziona mpaka leo kama mama wa herufi kubwa zote, na mwaka 1989 Carol Twombly akazitoa fonti ikaitwa Trajan, haina herufi ndogo kwa sababu pale kwenye jiwe hazikuwepo. Zina vile vijimiguu kwenye ncha, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanasema vimeletwa na patasi ya mchonga mawe. Akaja padri mmoja wa Marekani, Edward Catich, yeye kabla ya upadri aliwahi kuandika mabango kwa brashi, akazitazama kwa karibu akasema hapana, huu ni mkono ninaoujua. Mwaka 1968 akatoa kitabu chake akaeleza kwamba herufi zile zilipakwa kwanza kwa brashi bapa na patasi ikafuata rangi, na kijimguu ni pale brashi inapogeuzwa kidogo kabla haijainuliwa. Wewe hilo unalifanya kila siku pale Matondoni na hukuhitaji kitabu.

Nilikaa gatini wiki iliyopita nikaangalia mashua moja, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya samawati. Herufi za nyuma ndogo, zinakua kidogokidogo kuelekea omo, mbele ya mashua, kwa sababu ubao nao unapanuka, na ile R ya mwisho mguu wake umevutwa mrefu ukapanda na ubao mpaka ukakaribia ncha. S ilikuwa nene tumboni na nyembamba juu na chini, pale brashi ilipogeuka. Nilikaa nikaitazama mpaka kahawa ikapoa. Hiyo R ukiiiga kwenye simu huipati, manake fonti ya simu haijui kama ubao unapanda.

Sasa kazi ni hii, na ifanye mapema. Piga picha majina yote unayoyajua kabla hizo mashua hazijapandishwa pwani zikapakwa upya, kwa sababu jina likipakwa juu limeondoka. Piga ukiwa umesimama sawa na jina, si kwa upande. Kisha kaa na ami yako, kwenye karatasi kubwa muandike A mpaka Z kwa brashi ileile ya kazi. Utapata a, i, k, m, w tele, lakini Q na X hutazipata mashuani manake Kiswahili hakizitumii, hapo Q utaitoa kwenye O yako na X utaitoa kwenye miguu ya K, na usizichukue kwa jirani, zitaonekana wageni. Kuna programu ya bure inaitwa FontForge, utazichora humo moja moja, ni kazi ya miezi, na ningependa kuona kwa macho yangu siku kadi ya harusi ya Lamu imeprintiwa kwa herufi zilizotoka kwenye omo la mashua. Na huyo mteja wako muandikie kama unavyojua.

*Tunafungua nasari hapa Shela, kuna mtu amesema Comic Sans ni aibu tusiitumie kwenye kibao. Ni kweli?*

Si kweli mama, tumieni. Vincent Connare aliichora mwaka 1994 akiwa Microsoft, alipoona mbwa wa katuni kwenye programu ya watu wa nyumbani anaongea kwa Times New Roman, herufi za gazeti, akaona haviendani, akaangalia mwandiko wa vitabu vya katuni akatoa hii. Mbwa mwenyewe hakuipata, kazi ilichelewa, lakini ilichorwa kwa mambo kama hayo ya watoto na ile a yake ni ile wanayofundishwa kuandika. Kwenye barua ya msiba ndo msiiweke.

*Nilipeleka utenzi wa marehemu bibi yangu, ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, uprintiwe bango la Maulidi. Bango limerudi herufi zimeachana moja moja na zinaanzia kushoto. Nilitaka kulia. Kosa langu ama la fonti?*

Ustadh, pole sana, hilo jambo limeniuma na mimi. Kosa si lako na si la fonti. Herufi ya Kiarabu inabadilika ikiwa mwanzo wa neno, katikati, mwisho au peke yake, na kuna programu za kuchora mabango ambazo hazijui kuunganisha mpaka mtu aende kwenye mipangilio aiwashe. Aliyeprinti hakuwa anasoma khati, maandishi ya Kiarabu, kwa hivo hakuona kitu.

Tafuta fonti inaitwa Amiri, ni ya bure. Khaled Hosny wa Misri aliifufua kutoka kwenye herufi za kiwanda cha serikali cha Bulaq, Kairo, ambacho kilikuwa kinaitwa pia Amiriya na ndo jina lilipotoka, na msahafu wa Kairo wa mwaka 1924 ulipangwa kwa herufi hizo za Bulaq. Na Bulaq nao walifuata khati ya naskhi, ya kalamu ya mwanzi, ambayo kipimo chake kinarudi kwa waziri Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Yeye alipima kila herufi kwa nukta, ile kalamu ukiigandamiza mara moja, pembe nne imesimama kwa ncha. Ndo ileile ya Johnston kule London! Waandishi wa misahafu wa Siyu wa karne ya 18 na 19, hapa hapa kwetu, nao walikuwa na kalamu hiyo mkononi.

Ukishaipata hakikisha kuna pe yenye nukta tatu chini, che, na ve yenye nukta tatu juu, manake bila hizo Kiswahili kinakatika. Sema na aliyeprinti akupe karatasi moja ya majaribio kwanza, ubeti mmoja tu, na umpe mzee anaesoma khati ausome kwa sauti ukiwa umekaa nae. Akisita mahali popote, rudisha.