Simba Aliyefutwa Mgongoni mwa Matatu

Mdogo wangu wa kiume alifariki Aprili 2022. Miezi mitano baadaye mimi, soprano wa mstari wa mbele kwenye kwaya ya parokia, nilikuwa bado siwezi kumaliza ubeti mmoja bila sauti kukatika. Padri alinitembelea. Wanajumuiya walikuja, wakasali rozari, wakanywa chai, wakaosha vikombe na kwenda. Nawashukuru wote. Lakini kilichonifungua mdomo tena kilikuwa mgongoni mwa matatu ya Rongai, kwenye foleni ya Bomas, saa moja kasoro asubuhi.

Naandika haya kwa sababu juzi dada mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni dhambi kuguswa na picha ya mwanamuziki kuliko mahubiri. Nilimjibu kwa pupa. Jibu kamili ni hili.

Ile gari ilikuwa nganya haswa, matatu ya mapambo: taa za zambarau, spika za kukutikisa mbavu. Nyuma, upande wa kulia, Bob Marley amefumba macho. Katikati, simba mwenye taji, mguu mmoja wa mbele umeshika fimbo yenye bendera. Marehemu mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa reggae kufa na kupona, na simba huyohuyo alimbandika kwenye sanduku lake la vifaa. Kwa miaka mingi nilidhani ni urembo wa vijana. Asubuhi ile, gari letu likiwa limenasa nyuma ya nganya ile, nilimtazama simba kwa dakika arobaini kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Nikalia mbele ya dereva asiyenijua. Naye, Mungu ambariki, akapunguza redio.

Nilipomsimulia mama mmoja wa jumuiya, alisema, "Huo ni ushetani, mwanangu. Ombea macho yako." Sikubishana. Nilikwenda kutafuta, na hapo ndipo ningependa na wewe uanzie: picha ikikushika, kabla hujaipa maana yako, uliza imetoka wapi.

Yule simba ametoka mbali. Katika Mwanzo 49, Yakobo akiwa kitandani pa kufa anawabariki wanawe, na Yuda anamfananisha na mwanasimba. Wafalme wa Ethiopia, waliojihesabu kuwa uzao wa Sulemani, walijiita Simba wa Yuda. Ras Tafari Makonnen alipotawazwa Addis Ababa tarehe 2 Novemba 1930 kwa jina la Haile Selassie, cheo hicho kilimfuata, na kule Jamaika maskini walioisikia habari hiyo wakaiona kama unabii uliotimia. Kutoka kwao simba akaingia kwenye reggae, na kutoka kwenye reggae akafika kwenye karakana za Nairobi. Na Marley mwenyewe, ambaye mama yule alimhesabu kuwa mpagani, alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia mnamo Novemba 1980, akapewa jina Berhane Selassie, yaani Nuru ya Utatu. Saratani ilimuua Mei iliyofuata, akiwa na miaka 36.

Usisahau pia kwamba kwa jirani yako huenda simba huyo ni ibada kabisa. Septemba 2019 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikubali kwamba Urastafari, imani iliyoanzia kwa maskini wale wa Jamaika, ni dini inayolindwa na Katiba, katika kesi ya mwanafunzi aliyekatazwa shule kwa sababu ya rasta zake. Kwa hiyo ukimwazima simba, mwazime kwa adabu. Ana wenyewe.

Lakini kilichoniangusha ni Ufunuo sura ya 5. Yohana analia sana kwa kuwa hapana astahiliye kukifungua kitabu. Mzee mmoja anamwambia asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana anainua macho amwone huyo simba, na simba hayupo. Anaona Mwanakondoo, amesimama kana kwamba amechinjwa. Nimesikia somo hilo kanisani tangu utoto, sikuwahi kugundua kwamba simba anatajwa ili kumnyamazisha mtu anayelia, na kwamba mtu huyo akitazama hamwoni. Nilisoma mistari hiyo kwenye simu, kati ya Galleria na Bomas, nikairudia hadi nikapitiliza kituo.

Januari iliyofuata simba alifutwa. Niliikuta gari ileile, namba ileile, imepakwa mchezaji wa mpira ameinua kombe. Nilikasirika kama mtu aliyevunjiwa kaburi. Nilimuuliza kondakta gari lilipakwa wapi, na Jumamosi nikaifuata hiyo karakana, nimevaa sketi ya kanisani kama mtu aliyekuja kudai deni.

Kijana niliyemkuta alikuwa ameinama anapiga msasa ubavu wa gari jingine, kitambaa usoni, mikono myeupe vumbi hadi kwenye viwiko. Nikamweleza. Akafikiri.

"Mathe, ni simba yupi? Yule wa taji ama yule wa miwani?"

Hakumkumbuka! Amechora simba wengi. Mwenye gari akitaka sura mpya, hupiga msasa, hupaka filla palipobonyea, halafu anaanza upya. Aliniambia gari lenye picha ya mwaka jana abiria wanaliona limezeeka. Fundi aliyemfundisha kazi aliwahi kukaa njaa wakati sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 na kila matatu ikalazimika kupigwa mstari wa manjano badala ya michoro. "Hii rangi ni ya barabara," akaniambia. "Mvua, vumbi, kuoshwa kila usiku. Nikiilia nitachora saa ngapi?" Kisha akaniuliza kama nataka kukaa, maana jua lilikuwa kali, akanigeuzia ndoo ya rangi nikae.

Nilikaa karibu saa nzima. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akifuta kazi yake kwa utulivu namna ile.

Kurudi nyumbani nikamkumbuka mama mkwe wa bosi wangu, Parklands. Kila Diwali, sikukuu ya Wahindu, huchora rangoli, nakshi za sakafuni, mlangoni mwa duka kwa unga wa rangi, ameketi chini tangu alfajiri, na wateja wa kwanza wanapoikanyaga hasemi kitu. Mwaka mmoja nilijaribu kuizungushia viti. Akaniondolea viti. Halafu sisi wenyewe, Wakatoliki tunaoshangaa: tunachoma matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, tunachorwa msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na kabla ya jioni jasho la matatu limeshaufuta. Hakuna anayekimbilia kwa padri kutaka achorwe tena.

Ushauri wangu mwingine ni mdogo mdogo tu. Tazama kwanza, simu baadaye. Mimi nina picha moja ya simba, imetikisika, nusu yake ni kioo chenye matone, na kila nikiifungua haisemi chochote. Kilichosema kilikuwa zile dakika arobaini. Ukiweza, mtafute aliyechora. Atakupunguzia ujuaji.

Na usilazimishe. Nilipopata hamu nilianza kuona Ufunuo kila mahali, hata kwenye tangazo la sabuni. Kuna nganya yenye Tupac, rapa wa Marekani, msalabani, picha iliyotokana na jalada la albamu iliyotoka Novemba 1996, wiki chache baada ya yeye kufa kwa risasi Las Vegas. Nilijua ilikotoka, nilijua kwamba msalaba ule una majina ya miji ya Marekani, nilikaa nayo foleni nzima. Hakuna kilichotokea. Labda inamsemesha mtu mwingine kiti cha nyuma. Nilifungua njugu zangu nikala.

Kwaya nimerudi, ingawa sasa naimba alto. Yule mama wa jumuiya hajabadili msimamo, ila Jumapili usiku alinitumia kwenye WhatsApp picha aliyopiga mwenyewe akiwa stendi ya Railways: malaika mwenye mabawa meupe, amevaa hedifoni.

"Na huyu naye yuko sura ya ngapi?" akaandika.

Nilimwambia anipe hadi Alhamisi.