Fundi wa malori Uyole: bila digrii, viza ya kazi ya ujuzi nitaipata?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa malori hapa Uyole, Mbeya, nina miaka 31. Baada ya kidato cha nne nilisoma ufundi magari VETA miaka miwili, nikapata cheti cha ufundi cha taifa (NVA) ngazi ya pili. Ya tatu ada ilikosekana. Tangu 2018 niko gereji moja ya barabarani, tunahudumia malori yanayoshuka Tunduma. Kuna wakala anasema atanitafutia viza ya kazi Uingereza kwa milioni sita, ila kwanza ninunue cheti cha digrii kwa mtu wake, maana bila digrii hakuna anayepita. Mke wangu yuko tayari tuuze kiwanja cha Igawilo. Nifanyeje? – Fundi, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiwanja kisiuzwe, na huyo wakala usimpe hata nauli.

Nimefundisha karakana hapa Iringa mpaka nikastaafu, na habari hii ya digrii naisikia kila wiki. Hiyo Uingereza yenyewe haimdai fundi digrii; inaangalia kazi anayokwenda kufanya iko daraja gani. Balaa ni kwamba tangu tarehe 22 Julai 2025 wamelipandisha daraja hilo hadi kazi za kiwango cha chuo kikuu, na kazi nyingi za mikono zimebaki nje, isipokuwa chache zilizo kwenye orodha ya muda. Kwa hiyo digrii ya kununua haikusaidii kitu. Wakiigundua, unaweza kufungiwa mlango miaka kumi.

Wewe tazama Ujerumani. Machi 2024 walilegeza sheria yao: mtu mwenye mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi, yenye cheti kinachotambuliwa na serikali ya nchi yake, akiwa na uzoefu wa miaka miwili katika fani ndani ya miaka mitano iliyopita, anaweza kupewa viza akishapata mwajiri. Chuo kikuu hakitajwi. Hata Kijerumani sheria haikidai kwa njia hii, ingawa sijui utamwelewaje msimamizi wako anapokuambia gia boksi imepasuka. Anza kujifunza. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, wako Dar es Salaam, na siku hizi masomo yapo hata kwenye simu.

Kikwazo ni mshahara. Kwa mwaka 2025 mkataba ulitakiwa ufikie euro 43,470 kwa mwaka kabla ya kodi, na kiwango hicho hupangwa upya kila Januari. Mwajiri anayelipa kwa viwango vilivyokubaliwa na chama cha wafanyakazi hafungwi na kima hicho, kwa hiyo waulize mapema wako upande gani. Ukikosa mshahara huo ipo njia nyingine: unakwenda na mkataba wa kazi, halafu cheti chako kinathibitishwa ukiwa huko huko kazini. Hiyo inadai Kijerumani cha A2, yaani ngazi ya pili kutoka chini.

Utasikia pia habari za Chancenkarte, kadi ya kwenda Ujerumani kutafuta kazi mwaka mmoja. Inaruhusu wenye vyeti vya ufundi, lakini inataka uonyeshe pesa za kujikimu, na kwa 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Piga mara kumi na mbili uone: ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mimi nisingeigusa.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana hapo ndipo vijana wetu wanapokwama. Umesoma miaka miwili, vizuri. Chukua cheti pamoja na matokeo ya kila ngazi, yaonyeshe ulianza lini na kumaliza lini. Ukipata nafasi, malizia ngazi ya tatu. Miaka miwili ni kima cha chini, na sipendi mtu asimame ukingoni. Cheti chako wataomba kihakikiwe na ofisi yao ya Ujerumani inayoitwa ZAB, na cheti chenye muda ulioandikwa wazi hakiwapi kazi ya kukisia.

Barua ya gereji ndiyo ngumu zaidi. Nimeziona nyingi: "Tunathibitisha kuwa kijana huyu ni mwaminifu, mchapakazi na mcha Mungu." Muhuri wa bluu, sahihi, basi. Hiyo ni barua ya kuombea mchumba. Bosi wako aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, tarehe uliyoanza, saa unazofanya kwa wiki, halafu kazi zenyewe: kushusha na kufungua injini za diseli, kubadilisha klachi, kutengeneza gia boksi na difu, breki za upepo, kupima nozeli na pampu. Ataje Scania, Howo na mengine mnayoyafungua kweli. Mwishoni namba ya leseni ya biashara, TIN na simu inayopokelewa. Kama mshahara unalipwa mkononi, anza leo kulipwa kwa simu au benki, na uandikishwe NSSF. Uzoefu wa tangu 2018 usio na ushahidi hauna wa kuutetea.

Kanada nayo ina mpango wa mafundi usiodai elimu ya darasani: miaka miwili ya kazi ya muda wote ndani ya mitano iliyopita, na mtihani wa Kiingereza usiotisha sana. Lakini ni lazima uwe na ahadi ya kazi ya mwaka mzima au cheti cha ufundi cha jimbo la huko, na kuvipata ukiwa Uyole si mchezo. Iweke akiba.

Kuhusu mawakala: anayetafuta wafanyakazi wa kupeleka nje lazima awe na leseni ya serikali. Ulizia jina lake TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Akianza kukuambia leseni yake iko kwenye mchakato, kata simu.

Mkishaandika hiyo barua, nitumie nakala kabla bosi hajagonga muhuri, niipitie.