Tanga hadi Pangani kwa baiskeli, upepo ukiwa mgongoni

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: mgeni akikujia kwa siku mbili, nawe ukaruhusiwa kutumia chombo kimoja tu cha usafiri, utampeleka wapi na kwa chombo gani? Jibu langu ni baiskeli, na njia ni ile ya pwani itokayo Tanga mjini kwenda Pangani, mwendo wa kilomita zipatazo 50. Jibu hili silitoi kwa kukisia. Mwezi wa Januari nilimpokea mpwa wangu kutoka Dodoma, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kuiona bahari, nikaazima baiskeli ya pili kwa jirani, tukaenda.

Watu wengi wakiifikiria njia hiyo hufikiria jua na hali ya barabara, wakausahau upepo, ilhali upepo ndio unaoamua kama mwendesha baiskeli atafika na nguvu zake au atafika hoi. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa: kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi karibu na Machi, na kusi, unaoshika wakati wa masika na kudumu hadi Septemba hivi. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka wao wote kwa pepo hizo, wakijua ni mwezi gani wa kushuka kusini na ni mwezi gani wa kurudi. Ndani ya gari mtu hana habari nao. Lakini anayekanyaga pedeli huuhisi kifuani au mgongoni kila dakika, na kwa sababu hiyo ninaamini kwamba baiskeli ndiyo chombo cha nchi kavu kinachomfundisha mgeni jinsi watu wa mwambao walivyosafiri na kwa nini miji yao ikakaa ilipokaa.

Tuliondoka Ngamiani mara baada ya sala ya alfajiri, kila mmoja akiwa na chupa mbili za maji, na kwenye keria ya baiskeli yangu nikafunga kikapu cha mihogo ya kuchemsha na pampu. Upepo wa kaskazi ulikuwa bado mdogo. Tulipofika Mwambani jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, minazi imesimama pande zote mbili, na mpwa wangu alikuwa amegundua jambo ambalo mtu wa gari halijui, yaani kwamba kwa baiskeli huwezi kupita mbele ya nyumba ya mtu bila kumwamkia. Aliniuliza, "Mjomba, hawa wote unawafahamu?" Nikamjibu kwamba siwafahamu, ila mwendo wetu ni wa kuonana uso kwa uso, na mtu akishakutazama usoni hupiti kimya.

Tongoni ipo kiasi cha kilomita 17 kusini ya mji, na unakata kushoto kuelekea baharini. Hapa ndipo ningependa kila mgeni akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Jina lenyewe linajieleza, kwa maana tongo ni mahali palipokuwa na mji ukahamwa. Pamebaki gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne za 14 na 15, na mengi kati yake ni makaburi ya nguzo. Panahesabiwa kuwa ndipo penye makaburi ya nguzo mengi kuliko mahali pengine pote katika pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala vipande vipande kando ya makaburi ambayo zamani ziliyasimamia.

Mzee anayepatunza tulimkuta chini ya mti. "Shikamoo, mzee," tulimwambia sote wawili. "Marahaba, wanangu. Mmetoka mjini kwa baiskeli? Basi pumzikeni kwanza, jasho likauke, ndipo niwatembeze." Alipotutembeza alimwonyesha mpwa wangu shimo la mviringo katika uso wa chokaa, laini kwa ndani, lenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Humo, alieleza, ndimo lilimokuwa bakuli la kaure kutoka China, likapachikwa wakati chokaa ingali mbichi. Kijana aliingiza mkono, akauzungusha taratibu mpaka akaukamata ukingo ulioachwa na kitako cha bakuli. Hakusema neno. Chini ya kaburi la pili yake palikuwa na kigae cha chetezo chenye majivu ya ubani, dalili kwamba wapo wanaokuja kuwaombea wazee wao hata leo, na ndiyo maana namsihi kila mgeni avae nguo za heshima na asikanyage makaburi kwa ajili ya picha.

Kutoka msikitini, bahari inaonekana nyuma ya mikoko. Aprili 1498 Vasco da Gama alipita hapa akielekea kaskazini, na meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye fungu karibu na pwani hii, kisha maji yalipojaa ikaelea na kuendelea na safari. Januari 1499, Wareno walipokuwa wakirejea kutoka Bara Hindi, kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi mno hata waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael katika maji haya haya. Nilimwomba mpwa wangu aitazame miezi. Aprili, kusi unapoanza, wanapanda. Januari, katikati ya kaskazi, wanashuka. Kwa wakati huo upepo ulikuwa umeshapata nguvu na ulikuwa ukitupiga visogoni, nasi pia tulikuwa tukishuka. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Tulipata pancha karibu na Kigombe. Fundi alikuwa chini ya mwembe, na vifaa vyake vyote vimo ndani ya kopo moja la rangi. Aliipindua baiskeli magurudumu juu, akaibandua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, akaijaza tyubu upepo na kuizamisha kwenye karai la maji mpaka mapovu yakatoka mfululizo mahali pamoja. Alisugua kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Kisha, jambo ambalo mafundi wenye haraka huliacha, alipitisha vidole ndani ya tairi, sentimita kwa sentimita, akachomoa ncha ya mwiba ambayo kwa nje haikuonekana. "Huu usipotoka," alisema, "mtakuwa mnasukuma baiskeli kabla ya adhuhuri." Nimekwisha kuona safari nyingi zikiharibika kwa sababu ya mwiba uliosahauliwa ndani ya tairi, na ninamshukuru fundi yule hadi leo.

Wakati tukisubiri gundi ikauke, wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walitusimulia habari za silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa pwani hii wamewahi kuwanasa kwenye jarife zilizotegwa kilindini, na mwaka 2009 eneo hili la bahari likafanywa hifadhi inayobeba jina la samaki huyo.

Mbele yake ni mkonge, safu baada ya safu, hadi macho yanachoka. Mgeni afahamu kwamba zao hili lililoujenga mkoa wetu lilianzia jirani na Pangani: mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikanusurika 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyopandwa na kuzaa mashamba yote yaliyofuata. Kipande hiki hakina kivuli. Tulikipita bila kusimama.

Pangani tuliingia alasiri. Tuliziegemeza baiskeli kwenye ukuta karibu na kivuko cha kwenda Bweni, tukanunua madafu, tukaangalia mto unavyoingia baharini ukiwa na rangi ya udongo. Mji huu ni wa kutembelea kwa miguu, polepole, ukipita Boma la zamani na nyumba za wafanyabiashara zenye milango ya nakshi, ambazo baadhi zinabomoka kwa kukosa matunzo na kunitia uchungu kila nionapo. Hapa ndipo Agosti 1888 watu walipokataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, na Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita vilivyoenea mwambao mzima. Alinyongwa hapa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Mpwa wangu alikuwa amelisoma jina hilo shuleni kwa ajili ya mtihani. Jioni ile alitaka kujua kila kitu, na tukakaa barazani tukizungumza hadi baada ya isha.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, kwa kuwa kaskazi sasa ilikuwa mbele yetu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakati wa umande, ule upepo mwepesi utokao bara kabla ya jua, tukaenda vizuri hadi Kigombe. Saa tatu upepo ulibadilika, na kuanzia hapo kila kilomita tulilipia. Tongoni tulipumzika, Mwambani tukapumzika tena, na kijana alisukuma baiskeli kwa miguu kwenye vilima viwili.

Kwa atakayetaka kumpeleka mgeni wake, nina machache. Ujenzi wa lami umeibadilisha sana barabara hii iliyokuwa ya vumbi, na magari sasa yanakimbia, hivyo msipande baiskeli mbili sambamba, na mkisikia lori nyuma tokeni pembeni kabisa hata kama ni kwenye mchanga. Chukueni viraka vyenu, maana fundi hayupo kila kijiji. Aprili na Mei kuna mvua za masika, msiende. Anayekuja Januari aanzie Tanga kama tulivyofanya sisi. Lakini anayekuja Julai nitampandisha basi hadi Pangani, baiskeli zikiwa juu ya keria, tulale huko, na asubuhi tuanze safari ya kuja Tanga kusi ukitusukuma.